Folda ya Watoto

Kompyuta ililetwa nyumbani kwetu Kimandolu miezi michache baada ya kumzika Baba, ikawekwa sebuleni juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya redio. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kwa hiyo mgeni akiingia alidhani tumetunza keki ya harusi ya mtu. Ilikuwa ya mtumba. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kwa mtumba: nguo, magari, friji, na sasa kompyuta. Shirika alilolitumikia Baba tangu ujana wake lilikuwa limeshauzwa, walinzi wa getini wamevalishwa sare nyingine, na mjini kila chumba kilichotazama barabara kilikuwa ama duka la simu ama ofisi ya kampuni ya utalii. Mimi nilikuwa katibu muhtasi kwenye kampuni mojawapo ya hizo. Nilichapa ratiba za Wazungu wanaokwenda kutazama simba. Basi familia ikaamua, bila kuniuliza, kwamba kazi ya picha ni yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ukitimia tangu Baba afariki, tulipaswa kupanda mlimani kwenye kaburi lake ndani ya migomba, liwekwe marumaru, ifanyike ibada ya shukrani, kisha watu wale chakula kwenye ukumbi wa usharika. Dada, ambaye ndiye mkubwa wetu na alikuwa akifanya kazi benki Dar es Salaam, alikuwa amehudhuria shughuli moja huko ambapo picha za marehemu zilirushwa ukutani kwa projekta. Akataka na Baba afanyiwe hivyo. Yeye alileta kompyuta. Kaka, aliyekuwa Ujerumani, alituma skana. Picha zote za familia ziingizwe kwenye mashine, zipangwe, zionyeshwe ukutani, halafu kila nyumba ya ukoo ipewe CD yake. Mimi nilitakiwa kutafuta programu nzuri ya kuzipangia.

Kabla sijafika kwenye programu, ni lazima niseme mimi ni nani katika nyumba ile, kwa sababu hicho ndicho kilichokuja kuvurugika. Mama aliyenizaa alikuwa mdogo wake Mama. Alifariki nikiwa sijaanza shule, na Mama na mumewe wakanishusha kutoka mlimani na kifurushi cha nguo, wakaniweka Kimandolu. Kwetu jambo hilo halina maelezo marefu. Mama mkubwa ni mama. Niliwaita Baba na Mama tangu wiki ile ya kwanza, Baba akaniandikisha shule kwa jina lake, na nikawa mtoto wa tatu na wa mwisho. Dada akaenda bweni, akaolewa, akahamia Dar. Kaka akaenda chuo, akapanda ndege. Mimi nikabaki. Baba alipougua, aliyemgeuza kitandani na kumnyoa ndevu ni mimi. Sidai shukrani kwa hilo, mtoto hadai. Ninalieleza tu lijulikane.

Na siku ya mazishi palitokea jambo ambalo nililihifadhi moyoni kuliko mahubiri yote. Huku kwetu, mwili ukiwa umeshaletwa nyumbani, mwongozaji hushika kipaza sauti na kuwaita watu kwa makundi wapigwe picha na jeneza. Mjane kwanza, kisha watoto, wajukuu, wakwe, na kuendelea hadi wafanyakazi wenzake na majirani. Mgeni wa mbali anaweza kuona ni mambo ya ajabu, lakini kwetu ndipo watu wanapojua nani ni nani. Mwongozaji alipoita watoto wa marehemu, nilisimama. Dada akanivuta katikati, yeye upande huu na Kaka upande ule, akaninyoosha kilemba changu kilichokuwa kimelegea. Picha hiyo ilikuwepo. Nilikuwa nimeshaiona kwa macho yangu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote.

Nilianza na programu iliyokuja na skana yenyewe, kwenye CD ndani ya bahasha ya karatasi. Ilipanga kila kitu kwa tarehe, ila tarehe iliyoitambua ni ile ya siku picha ilipoingia kwenye mashine. Kwa hesabu zake, babu yangu aliyevaa lubega na kushika fimbo alipigwa picha wiki moja na Kaka akipokea kipaimara, na ukoo mzima ulizaliwa masika ya mwaka ule. Halafu kompyuta yetu betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika kila wenye umeme wao wanapojisikia, ilisahau leo ni lini na kurudi miaka mingi nyuma. Picha nilizoingiza baada ya mgao zikajipanga mbele ya zote, eti ndizo za kale. Mazishi ya Baba yakatangulia harusi yake.

Programu hiyo ilikuwa na makundi yake tayari, kwa Kiingereza: familia, marafiki, likizo, wanyama wa kufugwa. Likizo yetu ilikuwa kupalilia kahawa ya babu na kushindilia majani chini ya migomba, na hakuna aliyeleta kamera huko. Lakini wanyama tulikuwa nao. Mbwa wetu wa getini, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuitwa jina zaidi ya kufukuzwa jikoni, alipata kundi lake mwenyewe. Nilicheka sana siku hiyo, nikamwambia Mama, na yeye akacheka hadi akavua miwani. Baadaye nilikumbuka kicheko kile kwa hasira, kwa sababu mbwa hakuna aliyekuja kuuliza awekwe wapi.

Programu ya pili nilinunua karibu na stendi kuu, kwa kijana aliyepanga CD za kopi juu ya boksi, programu zikichanganyika na muziki wa injili na sinema za mateke. Hiyo ilikuwa na urembo mwingi. Albamu zake zilifunguka zenyewe zikitoa sauti ya karatasi, kulikuwa na fremu za makopa na maua, na ilikuwa na uwezo wa kutengeneza onyesho zima na kulichoma kwenye CD, muziki juu yake. Kwa kupanga, ilitumia folda. Unafungua folda, unaipa jina, unaburuta picha unaitia ndani. Picha moja, folda moja. Ukiitaka kwingine, inatoka ilipokuwa.

Ya tatu ilikuwa ya bure. Niliipata intaneti kafe mjini, nikakaa mchana wa Jumamosi nzima nikisubiri ishuke, ikakatika, nikaanza upya, nikaondoka nimechoka kana kwamba nimelima. Ilikuwa na sura mbaya, rangi ya kijivu toka juu hadi chini, hakuna ua hata moja. Lakini haikugusa picha. Iliziacha pale zilipo na kukumbuka tu lebo ulizozibandika, na picha moja ilikubali lebo nyingi utakavyo. Picha ya Mama akiwa na Kaka siku ya kipaimara ilikuwa ya Mama, ikawa ya Kaka, ikawa ya kanisani, ikawa ya mlimani, vyote kwa mara moja, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Ukibonyeza lebo mbili, inakuletea picha walimo watu wote wawili.

Niliipenda programu hiyo ya kijivu kuliko nilivyowahi kupenda kitu cha mashine. Nilibandika lebo kila jioni nikitoka kazini. Mama alikaa kando yangu kwenye kiti chake cha mto, albamu mapajani, na mimi nikamtajia nilichokiona naye akanieleza. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua, alizitambua picha kwa rangi na kwa mahali palipokuwa pamekwaruzwa.

"Hiyo ya ukuta wa bluu," alisema, "ni siku uliyokuja. Lile sweta lilikuwa la dada yako, lilikufika magotini."

"Nilikuwa nalia?"

"Hukulia. Ulikuwa umenishika kanga tu. Baba yako ndiyo kwanza amenunua kamera, akatuhangaisha siku nzima na kutusimamisha ukutani."

Basi picha ile nikaibandika lebo ya Mama, ya jina langu, na ya Watoto. Nikaendelea hivyo na nyingine. Nilikuwa na lebo ya Watoto na lebo ya Mlimani kwa pamoja, na programu haikuona tatizo. Niliona raha ambayo sikumwambia mtu. Maisha yangu yote nilikuwa wa kule na wa hapa, na hatimaye kikapatikana kitu kinachoelewa bila kuelezwa.

Nilipompigia Kaka kumweleza, hakuwa na muda wa maelezo. Alitaka ile ya albamu zinazofunguka, kwa sababu wenzake Wajerumani wangeona kitu cha maana. Nikamwambia ile haipangi vizuri. Akasema tumwachie Dada aamue, na simu ikaisha salio.

Dada akapanda kutoka Dar wiki ya mwisho kabla ya shughuli, akiwa amechukua likizo. Jumapili baada ya ibada alivua viatu, akavuta kiti mbele ya kompyuta, nami nikakaa kwenye stuli pembeni yake. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ungo mapajani, anachagua maharage.

"Hii ya kijivu ndiyo umechagua?" aliniuliza.

"Ndiyo, Dada. Hiyo inaweka picha moja sehemu nyingi."

"Picha moja itakuwaje sehemu nyingi? Kitu kina mahali pake." Akaifunga, akafungua ile ya maua. "Hii inaeleweka. Hata mtoto mdogo kule kijijini akipewa CD ataelewa."

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba watu hawapigwi picha kwa folda, wanapigwa wakiwa wamechanganyika. Akanisikiliza kama mtu wa benki anavyomsikiliza mteja ambaye ombi lake limeshakataliwa. Kisha akaanza kufungua folda na kuzipa majina. Baba na Mama. Watoto. Wajukuu. Jamaa na Majirani. Akaanza kuburuta. Alikuwa na haraka ya mkono, sikatai, na kwa muda kazi ilikwenda vizuri na hata tulicheka kwa suruali za Kaka za bugaluu.

Halafu ikafika ile ya ukuta wa bluu. Mama, Dada mwenyewe akiwa na sare za shule, Kaka, na mimi ndani ya sweta. Dada akasimamisha mshale juu ya uso wangu.

"Huyu tunamweka wapi?"

Alisema hivyohivyo, huyu, na mimi nimekaa kwenye stuli, goti langu limegusana na lake. Nilidhani anatania. Nikasema, "Watoto, au siyo?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Usichukulie vibaya. Hizi CD zitabaki. Watoto wetu watakuja kuziangalia sisi hatupo, na ukoo lazima ukae sawasawa. Baba alizaa wawili. Wewe tunakupenda, hilo hakuna asiyejua."

"Kwenye msiba ulinivuta mwenyewe katikati yenu."

"Kwenye msiba watu walikuwa wanalia. Ungesimama wapi?"

Niliumia. Sitatafuta neno la kulipamba hilo. Niligeuka nikamtazama Mama. Sikuwa na haja ya kusema kitu. Katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kulimaliza jambo hilo kwa neno moja, na neno lenyewe alikuwa amelitumia kwa majirani, kwa walimu, kwa mchungaji, kwa wauza maziwa, miaka yote. Huyu ni binti yangu wa mwisho. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nilishaacha kulisikia.

Dada naye akamgeukia. "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Huyu awekwe folda gani?"

Mama hakuinua kichwa. Aliokota jiwe kwenye maharage, akaliangalia karibu na miwani, akaliweka kando. "Fanyeni mnavyoona, wanangu," alisema. "Msigombane tu."

Nimejaribu mara nyingi kumtetea. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, macho yanafifia, binti yake mkubwa anakuja mara moja kwa mwaka na yeye anataka aondoke kwa amani. Mimi nilikuwa sina pa kwenda, ningekuwepo tu kesho asubuhi nikimchemshia uji. Mtu akilazimika kumuudhi mmoja, anamuudhi yule asiyeweza kuondoka. Naelewa. Lakini kuelewa hakujanisaidia chochote, na nilipoinuka kwenye stuli nilienda jikoni nikasimama tu, sina ninachokitafuta.

Kilichofuata nilikijua baadaye, nikikiunganisha vipandevipande. Jumatatu nilikwenda kazini. Dada akabaki na kompyuta. Aliendelea kwa sheria yake: picha ninamoonekana, Jamaa na Majirani. Akagundua kitu ambacho mimi ningemwambia bure kama angeniuliza. Nilikuwemo karibu katika zote. Baba alinunua kamera mwaka niliofika mimi, na mwaka huohuo Dada alikwenda bweni. Kabla ya hapo nyumba ile ilikuwa na picha chache tu za studio. Baada ya hapo kila Krismasi, kila kipaimara, kila ng'ombe aliyezaa na kila gari la shirika lililoegeshwa uani, nipo, nimemshika Mama kanga. Alipomaliza kugawa, folda ya Jamaa na Majirani ilikuwa imefurika na folda ya Watoto ilikuwa na picha za kuhesabu, nyeusi na nyeupe, yeye na Kaka wakiwa wachanga juu ya kapeti la studio.

Jioni hiyo nilipoingia alikuwa amekaa mbele ya kioo amekasirika. Sijui kama alikuwa amekasirika nami au na Baba. Aliniambia bila kugeuka, "Kila picha upo wewe."

Nadhani hilo ndilo neno pekee la kweli aliloniambia wiki ile, na kama angelisema kwa sauti nyingine huenda tungelia pamoja. Msichana wa bweni anarudi likizo, anakuta kamera imeshamzoea mtoto mwingine, aliyevaa sweta lake. Nalifikiria hilo hadi leo. Lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, nami nilikuwa sijaiba kamera.

Siku mbili baadaye aliniambia amemaliza, amechoma CD, nisijisumbue. Akatangulia mlimani kusimamia mapishi na wajenzi wa kaburi. Mimi nilipanda siku ya shughuli na Mama, kompyuta imefungwa kwenye blanketi nyuma ya pikapu ya jirani. Ibada ilikuwa nzuri. Marumaru yalikuwa meupe mno kwa kivuli cha migomba, yaling'aa kama sahani mpya, na Mama aliyapapasa kwa kiganja. Kisha tukaingia ukumbini. Projekta ilikuwa ya kuazima kutoka shule moja ya jirani, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiunganisha, niliunganisha mimi, nikakaa nyuma ya meza, nikatia CD ya Dada. Yeye alisimama mbele na kipaza sauti kueleza. Mimi nilibonyeza.

Baba na Mama walipita vizuri. Watu walisema mmh, wakawataja waliokufa. Kisha likaja neno Watoto, limeandikwa kwa dhahabu ndani ya fremu ya maua ya waridi, na muziki ukabadilika.

Nilikuwa nimetegemea zile chache nyeusi na nyeupe. Zikapita, kisha zikaja za rangi, moja baada ya nyingine, nyingi. Kumbe ile programu ya maua ilikuwa na mkasi. Dada alipoona folda yake haina watu, alizirudisha picha kutoka Jamaa na Majirani na kunikata. Nilipokuwa pembeni, alikata pembeni. Nilipokuwa katikati, alibakiza upande wenye yeye na Kaka, au wenye Mama peke yake, na kuupanua. Ukuta wa bluu ulikuwepo, Mama yupo, Dada na Kaka wapo, na upande wa kushoto picha iliishia kwenye pindo la kanga ya Mama, limevutwa chini kidogo na vidole vya mtoto. Ikaja ya Krismasi. Ikaja ya siku Baba alipostaafu, Mama ameketi, na begani kwake mkono umemshika, mkono tu, unaanzia kwenye fremu ya waridi. Na ya mwisho ilikuwa ile tuliyopigwa na jeneza. Dada upande mmoja wa ukuta na Kaka hayupo, kwa sababu nilisimama katikati yao na hapakuwa na namna ya kunitoa bila kumtoa mmoja wao, basi akajibakiza mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa hewani, unanyoosha kilemba kisichokuwepo.

Nilibonyeza zote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwamba nilibonyeza moja na kuiita ijayo, kwa kidole changu mwenyewe, mbele ya watu walioniona nikikua. Kwenye viti wanawake wa usharika walinong'onezana. Mmoja aligeuka akanitafuta kwa macho nyuma ya meza, kisha akainamisha uso kwa aibu, aibu isiyokuwa yake. Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa. Kwa macho yake yale, ukutani aliona rangi tu.

Dada alirudi Dar na albamu zote za karatasi kwenye begi, alisema huku zingeliwa na mchwa. Niliziomba kwa simu. Alisema ziko juu ya kabati, atazishusha akipata nafasi. Niliona haina haja ya kubishana, kwa sababu nilidhani picha nzima zipo kwenye kompyuta. Nilisubiri hasira ipoe kwanza, nikafungua ile programu yangu ya kijivu.

Hapo ndipo nilipojua. Mkasi ule ulipomaliza kukata, uliuliza kwa Kiingereza kama picha mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, na Dada alijibu ndiyo, kila mara, kwa sababu ndiyo ndilo jibu linaloondoa kero. Picha nzima hazikuwepo tena popote kwenye mashine. Lakini lebo zangu zilikuwepo. Programu ya kijivu haijui kuangalia sura za watu, inakumbuka tu ulichoiambia. Nikabonyeza jina langu. Ikanitafuta, na kwa uaminifu kabisa ikanijazia kioo kizima kwa picha nisizokuwemo. Vidole kwenye kanga. Kiwiko. Kipande cha kilemba. Chini ya kila moja, jina langu na neno Watoto.

Wiki chache baadaye Mama aliniambia anataka picha ya kuweka juu ya kabati, karibu na ile ya Baba. Nikamuuliza ipi.

"Ile ya Baba yako kustaafu," alisema. "Mle nina wanangu wote."

Nilikwenda nayo mjini kwenye CD, nikaisafisha studio, nikaitia kwenye fremu, nikamletea. Aliisogeza karibu na miwani, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kidole chake kikapita juu ya bega lake mwenyewe.

"Huu mkono ni wako," alisema. "Mwenyewe uko wapi?"

"Niko Jamaa na Majirani, Mama. Ulisema wafanye wanavyoona."

Alikifuta kioo kwa ncha ya kanga, ingawa kilikuwa kisafi, akanipa niiweke kabatini.

Ipo pale hadi leo. Wageni wakija huitazama na kuuliza mkono ule begani ni wa nani, na Mama huwajibu bila kusita, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, kwamba ni wa binti yake wa mwisho. Mimi huwa jikoni nachemsha chai. Namsikia vizuri. Analisema hilo akiwa amekaa kwenye kiti kilekile cha mto, mahali palepale alipokuwa amekaa na ungo wa maharage, siku nilipomgeukia na yeye hakuinua kichwa.